SOMO LA UWINDAJI: DUME YUPI NI HALALI?

Wasomaji wetu, kila mwaka ukaribiapo mwezi wa Julai, ambao tarehe yake ya kwanza ndiyo siku ya kufunguliwa msimu wa uwindaji katika nchi yetu, twaulizwa maswali mengi juu ya vibali. Watu hutaka kujua kibali hupatikana wapi, na ni cha mnyama gani, na ni cha siku ngapi. Hayo ni maswali mema. Lakini liko swali moja lililo kubwa kuliko hayo yote, na waliulizao ni wachache sana. Nalo ni hili: Nikiisha kupata kibali changu, nikafika porini, na mnyama akasimama mbele yangu, nitajuaje ya kuwa huyu ndiye aliyeandikwa katika karatasi yangu?

Leo twapenda kulijibu swali hilo, na kwanza twaeleza sababu iliyotufanya tulishike kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa makarani katika ofisi moja ya nchi hizi za Ziwa. Akaja mzee mmoja mwenye bunduki yake halali, mtu mtulivu asiyependa magomvi, akalipa ada yake, nasi tukamwandikia kibali: nyamera mmoja, dume. Tukapiga muhuri, tukampa, akaenda zake. Siku ya nne akarudi kwa furaha.

"Bwana karani, kazi nimeimaliza. Amelala kwa risasi moja tu."

"Hongera, mzee wetu. Ulimtambuaje kuwa ni dume?"

"Kwa pembe zake, mwanangu. Jike ana pembe wapi?"

Bwana nyama alikuwapo, akatoka kwenda kumtazama mnyama, nasi tukamfuata. Alikuwa nyamera jike. Na tumbo lilipopasuliwa, ndani yake alionekana ndama aliyekwisha kuota manyoya, kwato zake zingali laini kama ufizi. Watu wote wakanyamaza. Mzee yule akapoteza nyama, na kibali, na bunduki yake ikazuiliwa hata shauri lake likatwe. Alipokuwa akiondoka alituambia neno moja tu: "Mwanangu, uliandika dume, lakini hukuniambia dume huonekanaje."

Neno lile halijatutoka moyoni hata leo. Ni kweli, kutojua sheria si udhuru mbele ya hakimu. Lakini yule aliyeijua sheria, akaiandika kwa mkono wake mwenyewe, akamwacha mwenziwe aende gizani, naye ana sehemu yake ya kosa. Basi somo hili ni deni, nasi twalilipa.

PEMBE NI NINI?

Wanyama wenye pembe wa dunia ni wa namna nyingi, lakini kwa somo letu tuwagawe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni ayala wa nchi za baridi. Jina hilo wasomaji wa Zaburi wamelizoea, ijapokuwa mnyama mwenyewe hatumwoni, maana ayala wa asili hawako katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Pembe za ayala ni mfupa mtupu, nazo zina matawi kama mti. Kila mwaka huota upya, zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye manyoya. Kisha ngozi hiyo hukauka na kubanduka. Na msimu wa kupandana ukiisha kupita, pembe zenyewe huanguka chini. Ni madume peke yao wazioteshao, ila kwa ayala wa kaskazini kabisa wavutao magari ya theluji, ambao majike yao nayo huota pembe.

Fungu la pili ni hawa wetu: swala wa kila namna, nyumbu, pofu, nyati, pamoja na ng'ombe na mbuzi wa nyumbani. Pembe zao ni mfupa uliovikwa ala ngumu, kama kisu kilivyovikwa ala yake. Hazina matawi, wala hazianguki kila mwaka. Mnyama akivunjika pembe, atakaa nayo hivyo hivyo mpaka kufa kwake. Kwa hiyo pembe ya swala ni kama daftari: miaka yake imo humo, kwa ajuaye kuisoma.

Huko Marekani, ambako ayala huwindwa na watu wengi sana, sheria zao hutaja matawi ya pembe. Katika jimbo la Pennsylvania, tangu mwaka 2002, haikutosha tena mnyama kuwa dume tu. Mwindaji hupaswa kuhesabu matawi ya upande mmoja, nayo katika sehemu kubwa ya jimbo ni matatu, na tawi lisilofika urefu wa inchi 1 halihesabiwi. Katika wilaya nyingi za jimbo la Texas hutazamwa upana: nafasi ya ndani kati ya pembe mbili iwe inchi 13 au zaidi, yaani karibu sawa na nafasi kati ya ncha za masikio ya mnyama anapoyasimamisha. Ila dume ambaye pembe yake moja haina tawi lolote ana ruhusa yake peke yake.

Twaweza kucheka na kusema, Je! mtu atahesabuje matawi na mnyama anakimbia? Jibu la sheria ni fupi: ikiwa huwezi kuhesabu, usipige. Shabaha ya kanuni hizo ni kuwaokoa madume machanga, wale wa mwaka mmoja na nusu, ili wapate kukua. Wala idadi ya matawi si umri kamili, kwa maana ayala aliyeshiba huotesha matawi mengi kuliko mwenziwe mwenye njaa. Ni alama tu ambayo jicho laweza kuiona kutoka mbali, na sheria imeichagua kwa sababu hiyo.

SWALA WETU WA NAMNA MBILI

Sasa turudi kwetu. Hapa ndipo alipojikwaa mzee wetu, na hapa ndipo twamwomba msomaji asome polepole.

Wako wanyama ambao dume peke yake ndiye mwenye pembe. Hao ni swala pala, kuro, tohe, tandala, pongo (ambaye wengine humwita mbawala), na nzohe wa matete, yule aonekanaye katika kisiwa cha Rubondo. Kwao ukiona pembe umeona dume, na usipoona pembe huenda ni jike, au dume mchanga ambaye pembe hazijatoka.

Wako tena wanyama ambao dume na jike wote wana pembe. Hao ni nyamera, kongoni, nyumbu, pofu, korongo, palahala, choroa, swala granti na nyati. Swala tomi naye yumo humu, lakini pembe za jike lake ni fupi na nyembamba, mara nyingi zimevunjika au hazipo kabisa. Kwa wanyama hawa, mtu asemaye "nimeona pembe, basi ni dume" ni kama mtu asemaye "nimeona kanzu, basi ni shehe."

Mbuzi mawe ni fumbo zaidi. Mahali pengi pa Afrika jike lake halina pembe, lakini katika sehemu za nchi yetu majike mengi huwa nazo.

Je! Tutawatenganishaje hao wenye pembe wote? Kwanza, tazama unene wa shina la pembe. Pembe za dume ni nene chini, karibu na fuvu. Za jike ni nyembamba. Usitazame urefu, kwa maana urefu hudanganya. Jike la pofu na jike la choroa mara nyingi huwa na pembe ndefu kuliko dume, ila ni nyembamba. Mwenye tamaa ya pembe ndefu aweza kumpiga mama wa kundi huku akijisifu kuwa amepata dume kubwa.

Pili, tazama shingo na kifua: dume ana shingo nene. Tatu, tazama chini ya tumbo na kati ya miguu ya nyuma, ambako uume au kiwele huonekana. Hapa darubini ni bora kuliko bunduki, na mwindaji asiye na darubini yampasa awe na subira mara mbili. Nne, tazama walio karibu naye: ndama aliyelala katika majani si rahisi kuonekana, lakini mama yake hugeuka mara kwa mara na kutazama mahali pale pale.

Msomaji wa Mkuyuni na mitaa mingine ya Mwanza aweza kujifunza jambo hili bila kwenda mbali na bila kuvunja sheria. Kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko karibu na mji, na swala pala wako humo. Panda mashua, keti juu ya jiwe, utazame. Utawaona madume wenye pembe zilizopindika kama kinanda cha kale, na majike wenye vichwa vitupu. Huko hakuwindwi kabisa. Huwindwa kwa macho tu, na hayo ndiyo mazoezi tuyatakayo.

UMRI HUSOMWAJE?

Dume kuwa dume hakutoshi. Yafaa awe mtu mzima. Swala pala mchanga huanza na vijiti viwili vilivyonyooka. Vikiwa sawa na masikio au kupita kidogo, bado ni kijana. Baadaye pembe hupanuka kwenda nje, kisha hurudi ndani na kupanda juu, na mapete yake huonekana wazi. Mwenye umbo hilo kamili ndiye dume aliyekomaa.

Kwa nyati hutazamwa kofia, yaani pale mashina mawili ya pembe yanapokutana juu ya paji la uso. Dume wa miaka mitano au sita ana kofia ambayo ingali laini, na manyoya yangali katikati. Kofia huwa ngumu kama jiwe apatapo miaka saba au minane. Wengi hudanganywa na upana wa pembe, wakampiga kijana ambaye hajapata kuzaa, na kumwacha mzee aliyekwisha kufukuzwa kundini.

Hata kwa wanyama wasio na pembe kanuni ni ile ile. Tembo hupimwa kwa pembe zake za ndovu: kanuni za uwindaji wa kitalii zimetaka jino lenye uzito wa kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Simba wa kuwindwa hupaswa asiwe chini ya miaka sita. Kanuni hiyo ya simba ina asili yake karibu nasi. Wataalamu waliowachunguza simba wa Serengeti na Ngorongoro kwa miaka mingi walionyesha, katika maandiko yaliyotolewa mwaka 2004, ya kuwa pua ya simba huingia weusi kadiri anavyozeeka. Na ya kwamba madume machanga yakiuawa, watoto wao huangamia pia, kwa kuwa dume mgeni aingiaye kundini huwaua watoto wa aliyemtangulia. Basi risasi moja huua simba wengi ambao mwindaji hakuwaona.

SHERIA YAONA MBALI GANI?

Kutafuta dume halali si jambo la jana. Katika nchi hii Wajerumani walitoa amri ya wanyama mwaka 1896, katika siku za Gavana Hermann von Wissmann. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London na kupatana kuwalinda wanyama wachanga, na majike yenye watoto, na kukataza meno ya tembo yasiyofika kilo 5. Waingereza wakaleta sheria yao mwaka 1921. Wazee wetu wengi waliziona sheria hizo kwa uchungu, na si bure: mtu aliyewinda kwa upinde tangu utoto wake aliambiwa kwamba ni mwizi, na mgeni mwenye fedha akapewa karatasi. Uchungu huo ni wa haki kukumbukwa. Lakini baada ya uhuru nchi yetu ilijitungia sheria zake yenyewe, ya mwaka 1974, na kisha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Nazo zote mbili zimeshika shina lile lile: mnyama mchanga asiwindwe, wala jike lionekanalo kuwa na mimba, wala jike lifuatanalo na mtoto wake, ila kwa idhini ya mkuu mwenye mamlaka hayo.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Nyamera jike huchukua mimba miezi minane hivi na kuzaa ndama mmoja. Ukimwua, umeua wa leo na wa mwakani na wa miaka yote iliyobaki. Dume mmoja aweza kutosha majike mengi, kwa hiyo dume mmoja akiondoka, mwingine hushika mahali pake.

Lakini msomaji asidhani ya kuwa madume hayana mwisho. Katika nyika za Urusi na Kazakhstan yuko swala aitwaye saiga, ambaye dume peke yake ndiye mwenye pembe, na pembe hizo huuzwa kwa bei kubwa kuwa dawa. Baada ya mwaka 1990 watu waliwaua madume kwa wingi mno, hata majike yakabaki bila wa kuyapanda. Mwaka 2003 wataalamu walieleza kwamba kuzaa kwenyewe kulikuwa kumeporomoka. Kwa sababu hiyo kibali hutaja idadi pamoja na jinsi. Imeandikwa "mmoja", nawe ukapiga wawili, yule wa pili si halali hata akiwa na pembe za ajabu.

YAKUPASAYO KABLA YA KUPIGA

1. Ujue mahali uliposimama. Katika hifadhi ya taifa, kama Serengeti, Rubondo au Saanane, hakuna dume halali hata mmoja. Kibali hutaja eneo lake, na mpaka usioujua uulize kwa askari wa wanyamapori.

2. Usome kibali chako mwenyewe, au usomewe na mtu umwaminiye, neno kwa neno: aina, jinsi, idadi, mahali na siku. Twiga usimtaje kabisa, maana ni mnyama wa taifa naye amekingwa na sheria.

3. Umtambue mnyama ni wa namna ipi, wa pembe za dume tu au wa pembe za wote. Kisha utazame shina la pembe, shingo, na chini ya tumbo.

4. Ungoje. Mtoto hujificha, bali subira humfichua.

5. Usitumie gari kumfukuza mnyama, wala sumu, wala tanzi la waya, wala shimo. Tanzi halina macho. Halijui dume wala jike, wala kuhesabu pembe halijui. Ndiyo sababu hakuna tanzi lililo halali.

6. Ukiisha kupiga, utoe habari kama kibali kisemavyo. Pembe, ngozi na meno huitwa nyara, nazo zina hati yake. Mtu aliyeokota pembe njiani na kuiweka darini bila kutoa habari aweza kushitakiwa sawa na mwindaji mwizi. Pembe uliyoiokota uiripoti upesi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Mwalimu aweza kuwauliza vijana wake, au baba awaulize wanawe jioni.

(a) Umeona kuro asiye na pembe. Je! Waweza kusema kwa hakika kuwa ni jike?
(b) Umeona pofu wawili. Mmoja ana pembe ndefu nyembamba, mwingine ana pembe fupi nene. Yupi huenda ni dume?
(c) Kibali chako ni cha nyamera dume mmoja. Mnyama amesimama kichakani, na kichwa chake tu ndicho kionekanacho, chenye pembe nzuri. Utafanya nini?

Jibu la kwanza: la, huenda ni dume mchanga. La pili: mwenye pembe fupi nene. Jibu la tatu ndilo somo zima: hutapiga. Utangoja mpaka mwili wote uonekane. Na ikiwa jua litatua kabla hajatoka, utarudi nyumbani mikono mitupu, na heshima yako u nayo.

Mzee wetu yule tulikutana naye tena baadaye, sokoni Mkuyuni, akinunua sato. Tulimwamkia, naye akatuitikia vema, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Tulimweleza habari za shina la pembe na za kiwele, tukiwa tumesimama pale pale katikati ya wachuuzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga samaki wake katika gazeti, akasema: "Sasa waambie na wengine, kabla hawajaja mezani kwenu."

Basi tumewaambia. Nawe uliyesoma, mwambie asiyejua kusoma.